UZI: Meza sita, chumba kimoja, na mapenzi yaliyokwamia kwenye makala

Kona

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Niko mwaka wa tatu wa uzamivu. Ofisini tuko sita, chumba kimoja, msimamizi mmoja. Majina siyataji. Nitawaita kwa meza zao: Dirisha, Mlango, Kabati, Printa, Feni, na mimi niliyeko konani.

Nianze na Mlango na Kabati. Kabati ndiye fundi wetu wa takwimu. Mlango aliingia mwaka wa kwanza na rundo la mahojiano, hajui aanzie wapi. Ikawa "nisaidie, jedwali hili linakataa". Kabati akavuta kiti cha pembeni akakaa naye. Miezi mitatu kiti kiko pale, mwezi wa nne kikawa kimesogea. Hakuna aliyetangaza kitu, ila tulijua, maana walianza kuondoka kwa kupishana dakika tano. Wapenzi wa ofisini huwa hawajui kwamba hizo dakika tano ndizo zinazowaumbua. Wangetoka pamoja nani angeshtuka?

Waliachana wakati wa kutetea pendekezo. Mlango aliifumua sura yake ya mbinu, akaachana na takwimu akaenda kwenye uchambuzi wa masimulizi. Kabati akaona aliyefumuliwa ni yeye.

Baada ya hapo Kabati akawa na Printa, ambaye meza yake ni ya pili kutoka kwake. Printa na Mlango wanaishi nyumba moja. Mlango kwa sasa yuko na Dirisha. Na huyo Dirisha, wiki za mwanzo kabisa, aliwahi kumwandikia Printa ujumbe mrefu saa nane za usiku. Printa alimjibu kwa orodha ya vitabu vya kusoma.

Feni ana mke na watoto. Anaingia saa mbili, anatoka saa kumi, na ndiye pekee kati yetu atakayemaliza kwa wakati.

Sasa tatizo. Tuna makala ya pamoja, waandishi wanne: Dirisha, mimi, Kabati, Mlango, kwa mpangilio huo. Jarida limeirudisha na marekebisho, likatupa siku 21. Mhakiki wa pili anataka uchambuzi wote urudiwe. Uchambuzi uko kwa Kabati, na Kabati hafungui barua pepe yoyote yenye jina la Mlango. Dirisha naye hajibu barua zangu. Zimebaki siku 12. Msimamizi wetu wageni wakija anatutambulisha kama "familia".

Nifanyeje?

Siamini Macho

Nimechukua karatasi nichore nani na nani, wino umeisha nikiwa kwa Printa.

Daktari Mtarajiwa

Nimekaa kiti cha mbele. Shusha vitu mkuu.

Bi Tanbihi

Kona, umewaita kwa meza zao kama utani, kumbe umegusa penyewe. Mwaka 1950 wanasaikolojia Festinger, Schachter na Back walichapisha utafiti wao kuhusu Westgate, makazi ya wanafunzi wenye familia pale chuo cha MIT, Marekani. Waliwauliza watu marafiki zao ni kina nani. Jirani wa mlango unaofuata alitajwa kwa asilimia 41, aliyeruka mlango mmoja asilimia 22, wa mwisho wa ukumbi asilimia 10. Na jengo ni lilelile, ghorofa ileile, tofauti ni hatua chache tu za miguu. Hawakuwa wamechaguana kwa dini wala kwa tabia. Walipangiwa vyumba.

Nyinyi nanyi mmepangiwa meza. Kabati hakuhama mbali kwa sababu binadamu kwa kawaida hahami mbali.

Daktari Mtarajiwa

Bi Tanbihi, sisi tuna mwaka wa nne chumba kimoja na hakuna aliyempenda mwenzake. Tunachukiana tu.

Bi Tanbihi

Hilo nalo limepimwa. Ebbesen na wenzake, 1976, walikuta kwamba hata watu tusiowapenda wengi ni majirani. Wa mbali hapati hata nafasi ya kukukera.

Nyumba ya Vitabu

Mnaodhani vurugu hizi ni za kizazi hiki, mtafuteni Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Marekani. Aliolewa mwaka 1923 na Luther Cressman, naye mwanafunzi mwenzake. Wakati huohuo Ruth Benedict, aliyemfundisha na kumvutia kwenye anthropolojia, akawa mtu wake wa moyoni, barua zao zipo. Mwaka 1926 akiwa melini anatoka Samoa akakutana na Reo Fortune, mwanafunzi anayekwenda kusoma Uingereza. 1928 wakaoana. Kisha wote wawili wakaenda New Guinea kufanya utafiti, na kando ya mto Sepik wakamkuta mwanaanthropolojia mwingine, Gregory Bateson, yuko peke yake na madaftari yake. Hebu fikiria: mume, mke, na atakayekuwa mume, wanajadili nadharia usiku kucha na hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1936 akaolewa na Bateson.

Kazi zao zinasomwa hadi leo. Ila ningelipa kuuona uso wa Fortune asubuhi wakati wa kulinganisha madaftari.

Pasi na Shaka

Mkuu, angalau nyinyi ni rika. Ubaya wa kweli ni pale msimamizi anapoingia mchezoni. Hannah Arendt alifika chuo cha Marburg, Ujerumani, kusoma falsafa mwaka 1924 akiwa na miaka 18. Profesa wake, Martin Heidegger, alikuwa na 35, ana mke na watoto. Uhusiano ukaanza. Aliyekuja kuhama ni nani? Mwanafunzi. Akaenda Heidelberg kwa Karl Jaspers akaandika tasnifu juu ya dhana ya upendo kwa Augustine, msicheke. Profesa alibaki na kiti chake.

Siku hizi vyuo vingi vimeandika sheria. Harvard mwaka 2015 kitivo chao cha Sanaa na Sayansi kilipiga marufuku uhusiano wa maprofesa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwa wa uzamili na uzamivu kikakataza pale ambapo profesa anamfundisha au kumsimamia mhusika. Ila rika kwa rika sheria hainusi. Mnaachwa mpambane wenyewe.

Kona

Msimamizi wetu hayumo, Mungu ni shahidi. Hata kwenye makala hayumo. Tulimwekea jina akalifuta mwenyewe, akasema "sikuandika hata mstari". Watu wa hivyo bado wapo.

Mkali wa Swali

Nimesoma mara mbili. Mkuu Kona, nina maswali mawili na usikasirike.

La kwanza: Kabati hafungui barua za Mlango, hilo tumelielewa, waliachana. Dirisha yeye kwa nini hajibu zako?

La pili: jina la kwanza kwenye makala ni la Dirisha. Anayekosa usingizi ni wewe. Kwa nini?

Siamini Macho

Hapo!

Daktari Mtarajiwa

Nimesogeza kiti.

Kona

Nimekaa na maswali haya tangu mchana. Sawa.

Mimi na Dirisha tulikuwa pamoja mwaka mmoja na miezi saba. Sikuandika mwanzoni kwa sababu nilitaka mnishauri kuhusu makala bila kunionea huruma. Na kwa sababu msimuliaji anaonekana ana akili kuliko wanaosimuliwa, nikapenda hivyo.

Makala ni yangu. Wazo langu, rasimu yangu. Yeye alikusanya nusu ya data na aliandika sehemu ya mjadala, hilo siwezi kulikana. Wakati tunapanga majina, ufadhili wake ulikuwa unaisha na bodi ilitaka aonyeshe makala moja ambayo yeye ni mwandishi wa kwanza. Nikaandika jina lake juu. Hakuniomba. Nilifanya nikiwa na furaha ya kweli, na nikihesabu tena leo bado naona nilikuwa na furaha ya kweli. Ufadhili akaongezewa.

Kuachana hatukugombana. Aliniambia nikiwa naandika maelezo chini ya jedwali la 4. Nikamalizia sentensi, nikahifadhi faili, nikasema sawa. Sasa mhakiki wa pili ana hoja saba, na nne kati yake zinahusu jedwali la 4. Kila nikilifungua namsikia yule bwana akisema "nadhani tuzungumze".

Wiki tano baadaye Mlango akaanza kutoka dakika tano nyuma yake.

Kwa hiyo swali langu halisi ni hili: nataka jina langu lirudi juu. Ni haki, au ni kisasi?

Mkali wa Swali

Asante kwa ukweli. Sikutaka kukuumiza, ila hesabu ilikuwa haikubali.

Mzee wa Busara Kidogo

Mwanangu, wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ulitoa. Mapenzi yalipokwisha zawadi haikugeuka mkopo. Je, angekununulia kiatu ungemrudishia?

Pasi na Shaka

Mzee, kiatu na jina la kwanza haviko kapu moja. Kiatu kinaisha. Jina la kwanza mtu anaombea kazi nalo miaka kumi.

Mhariri Mstaafu

Nimehariri jarida kwa muda mrefu, niruhusuni niingie.

Kuna kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Ilianza na mkutano mdogo wa wahariri huko Vancouver mwaka 1978, na leo kanuni zake zinafuatwa hata na majarida yasiyo ya tiba. Inasema mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne, yote kwa pamoja: amechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, ameandika au kuihakiki rasimu kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Jina la zawadi halikubaliki. Lakini Dirisha kwa maelezo yako ni mwandishi halali. Ulichompa wewe ni nafasi, na juu ya nafasi kamati haiamui. Inaacha waandishi wenyewe wakubaliane.

Hapo kuna mambo mawili ya kukufaa. Kwanza, sharti la tatu. Wote wanne lazima waidhinishe toleo la mwisho, kwa hiyo mkimya wenu mmoja anaweza kuizamisha kazi nzima. Nimeona makala nzuri zikifa hivyo, na wahariri wenzangu wakidhani sababu ni ya kisayansi. Pili, ukibadilisha mpangilio wakati makala iko kwa wahakiki, jarida nyingi zitataka sababu na saini ya kila mwandishi. Usifanye kimyakimya, utaonekana mwizi wa mali yako mwenyewe.

Njia ya katikati ipo: nyota juu ya majina mawili ya kwanza na maelezo kwamba wamechangia sawa. Tena siku hizi kuna orodha ya CRediT yenye aina 14 za mchango, kuanzia wazo, data, uchambuzi, hadi kuandika rasimu ya kwanza. Jazeni. Orodha haijui nani alimpenda nani.

Bi Tanbihi

"Utaonekana mwizi wa mali yako mwenyewe." Nakopa hiyo.

Mtu wa Namba

Kwenye hisabati tunapanga majina kwa alfabeti. Tunaachana kwa amani kabisa.

Siamini Macho

Mpaka uachane na mtu ambaye jina lake linaanza na A.

Nyumba ya Vitabu

Kona, hilo la kuwasaidia wenzi wetu tusidhani ni la mapenzi ya kuvunjika tu. Maria Goeppert Mayer alikuwa na ndoa nzuri, mumewe Joseph alimheshimu. Alipata uzamivu wake Göttingen mwaka 1930 wakahamia Marekani, na kwa sababu vyuo havikutaka kuajiri mke na mume pamoja, kwa miaka mingi alifanya fizikia bila mshahara, akipewa meza tu. Nobel ilikuja 1963. Mfumo unapenda sana mtu anayefanya kazi kwa ajili ya upendo. Si lazima mpenzi awe mbaya.

Mzee wa Busara Kidogo

Hapo umenipunguzia busara. Kona, fuata ya mhariri.

Feni

Kona, habari za jioni. Mimi ni Feni.

Uzi huu uliletwa kwenye grupu la ofisi leo saa saba mchana. Aliyeleta ni Printa, hakuandika neno, kiungo tu. Tumeusoma wote watano. Msimamizi hayumo kwenye grupu hilo, shukuru.

Marekebisho machache. Natoka saa kumi na nusu, si saa kumi. Printa anasema ile orodha ya vitabu aliituma kwa nia njema. Na Kabati amesharudia uchambuzi wote, kama mhakiki alivyotaka. Uko kwenye folda ya pamoja tangu wiki iliyopita, faili linaitwa "mwisho_kweli_sasa". Hakusema kwa sababu alikuwa anangoja kuombwa.

Jioni njema.

Siamini Macho

WAKUU.

Daktari Mtarajiwa

"Anangoja kuombwa." Nimeweka kiti chini, nimesimama.

Mkali wa Swali

Kona uko hai?

Pasi na Shaka

Kona njoo useme neno, watu hatulali.

Kona

Niko hai. Sikuweza kuandika siku zile. Leo ni siku ya mwisho ya zile 12, nawaletea mrejesho.

Asubuhi baada ya ujumbe wa Feni nilifikiri nisiende ofisini. Nikaenda. Hakuna aliyesema kitu. Printa alikuwa anachapa, na kwa mara ya kwanza niliupenda ule mlio wa mashine. Kabati alikuwa ameinamia meza. Nikamwandikia barua fupi: naomba uchambuzi. Yuko mita tatu kutoka kwangu. Akanijibu kwa barua vilevile, na kiambatisho. Jedwali la 4 limebadilika lote. Safu mbili zimeondoka, namba ni mpya. Nimelikagua mara tatu na sikusikia sauti ya mtu yeyote.

Mchana Mlango akaja na kile kiti cha pembeni, kilekile, akakaa karibu yangu. Nilijiandaa kwa matusi. Akafungua kompyuta yake, akaenda kwenye historia ya mabadiliko ya faili letu, akaniambia: "Nimehesabu. Aya 40. Thelathini na moja uliandika wewe." Nikamwambia najua. Akasema: "Mimi nilikuwa sijui. Niliambiwa mliandika pamoja." Tukanyamaza kidogo. Akaongeza: "Sitamwambia mimi. Mwambie wewe, mimi nitaidhinisha chochote." Kisha akarudisha kiti mahali pake.

Sisemi tumekuwa marafiki. Ila nilikuwa nimemwandika hapa kama mtu wa dakika tano, na huyo si yeye wote.

Nilimwandikia Dirisha usiku huo, nakala kwa wote. Sikutaja ya nyumbani. Niliweka orodha ya michango kama Mhariri alivyoelekeza, yake nimeandika yote, hata ile siku aliyorudi na madodoso yamelowa mvua. Nikapendekeza jina langu la kwanza, lake la pili, nyota mbili, wamechangia sawa. Nikaandika kwamba akikataa tutaacha mpangilio ulivyo, kwa sababu niliutoa mwenyewe na nilijua ninachofanya.

Siku tatu kimya. Huko nyuma ningeshazisoma zile siku tatu kama shairi. Safari hii nilikuwa najibu hoja za mhakiki.

Siku ya nne akajibu saa nne usiku. Neno moja: "Naidhinisha."

Mlango aliidhinisha dakika mbili baadaye, na hapo sikuhesabu wala kukisia chochote. Kabati akachelewa, akachelewa, leo nikamfuata mezani kwake kwa miguu yangu nikamwomba kwa mdomo. Akasema alikuwa anasubiri barua isiyo na jina la Mlango. Nikamtumia hiyo. Mfumo wa jarida ulikuwa unafungwa saa sita kamili usiku, tumepeleka saa tano na dakika arobaini na tisa.

Mhariri Mstaafu

Dakika kumi na moja. Wengine hunipigia simu dakika kumi na moja baadaye.

Mzee wa Busara Kidogo

Hongera mwanangu. Na yule Feni mpelekee salamu zangu.

Feni

Zimefika.

Bi Tanbihi

Feni, tasnifu ikoje?

Feni

Natetea mwezi ujao. Kwenye ukurasa wa shukrani nimeiweka feni.

Siamini Macho

Halafu meza yake inakwenda kwa nani?

Kona

Nimeshaiomba mimi. Iko upande wa pili wa chumba, mbali na zote.

Bi Tanbihi

Haina jirani kabisa?

Kona

Kuna moja tupu pembeni. Kuna mwanafunzi mpya anaanza mwezi ujao.

Daktari Mtarajiwa

Nimerudisha kiti.